Maswali ya Wasomaji: Nani Waliochora Katuni za Disney?

SWALI: Ndugu Mhariri, wanangu wanapenda sana filamu za katuni za Disney, na kila wanaponiuliza zimetengenezwa na nani, sina jina la kuwatajia ila Walt Disney mwenyewe. Je, kampuni hiyo ina utaratibu wowote wa kuwaenzi wachoraji na waigizaji wake? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Utaratibu upo. Mwaka 1987 kampuni ya Disney ilianzisha tuzo iitwayo Disney Legends, na wa kwanza kuipokea alikuwa mwigizaji Fred MacMurray. Tangu 2009 tuzo hiyo hutolewa kwenye kongamano la mashabiki liitwalo D23, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili.

Wanaopigwa picha zaidi siku ya tuzo ni nyota wa sinema, lakini kwa maoni yangu thamani yake imo katika majina ambayo watazamaji hawakupata kuyaona. Adriana Caselotti ndiye aliyetoa sauti ya Snow White katika filamu ya 1937, ambayo ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya studio hiyo, ilhali jina lake halikuandikwa popote katika filamu yenyewe. Alitunukiwa mwaka 1994, miaka 57 baadaye. Filamu hiyohiyo ilipita mikononi mwa Ruthie Tompson na wenzake wa idara ya wino na rangi, karibu wote wanawake, ambao walinakili michoro ya wachoraji juu ya karatasi angavu za seluloidi, kisha wakaipaka rangi upande wa nyuma, mmoja baada ya mwingine, huku sekunde moja tu ya filamu ikiweza kuhitaji michoro hadi 24. Tompson alitunukiwa mwaka 2000, na alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 111.

Hata hivyo, mwenye tuzo ndiye anayechagua wa kumsifu na lini amsifu. Art Babbitt, mmoja wa wachoraji waliompa Goofy, yule mbwa wa katuni, mwendo na tabia yake, alifukuzwa kazi kwa sababu ya harakati zake za chama cha wafanyakazi, akawa miongoni mwa viongozi wa mgomo mkubwa wa 1941. Alitunukiwa mwaka 2007, wakati ambapo alikuwa amekwisha kufariki tangu 1992. Mwaka huohuo alitunukiwa pia Floyd Norman, mchoraji Mmarekani Mweusi aliyeingia studio mwaka 1956, ambaye yeye, kwa bahati njema, alikuwa hai kuipokea.

Kwa sisi wa pwani kuna jina la karibu zaidi: Joe Rohde, aliyetunukiwa mwaka 2024. Yeye ndiye aliyeongoza usanifu wa bustani ya Disney's Animal Kingdom huko Florida, iliyofunguliwa mwaka 1998, ambamo mna mji wa kubuni uitwao Harambe, ambao sura yake imechotwa kwa kiasi kikubwa kutoka Lamu.

Wanao wakikuuliza tena, watajie Ub Iwerks. Huyo ndiye aliyechora kwa mkono wake sehemu kubwa ya filamu za kwanza za Mickey Mouse mwaka 1928, naye alitunukiwa mwaka 1989, miaka 18 baada ya kifo chake.