Goti limevimba, msikimbilie kuchua: majibu ya maswali yenu

Maswali ya magoti yamejaa wiki hii, nimechukua manne.

*Jumapili kwenye ndondo nimegeuka mguu ukabaki, nikasikia "pa!" gotini, saa moja baadaye limejaa. Washkaji wameita mzee wa kuchua.*

Mdogo wangu, huyo mzee mshukuruni arudi kwake. Goti lililovimba leo halichuliwi, ndani kumechanika na ukilikanda damu inazidi kumwagika, maji ya moto nayo acha kwanza siku 2 au 3. Chukua kifuko cha maji yaliyoganda, vile vya dukani kwa jirani, kizungushie kanga, usikiweke kikavu kwenye ngozi kitakuunguza, dakika 15 hadi 20 halafu toa, rudia baada ya masaa mawili matatu. Lala mguu uwe juu ya mito, goti lipande kuliko moyo. Bandeji ya kuvutika funga ila vidole vikishika ganzi legeza haraka. Sasa hiyo "pa" na kujaa ndani ya saa moja ndo inanitia wasiwasi, mara nyingi kuna kano imekatika, yaani ile kamba inayoshikanisha mifupa, kwa hiyo barafu inakusogeza tu mpaka hospitali, usikae nyumbani wiki nzima.

*Mama ana miaka 63, goti linavimba akipanda ngazi au akifua, mwaka wa pili anakunywa diklofenaki ya maumivu kila siku.*

Hapa roho imeniuma kabisa. Mpe mama shikamoo yangu kisha mpelekeni apimwe presha na figo, maana hizo dawa kila siku zinatoboa tumbo vidonda, zinapandisha presha na figo zinachoka kimya kimya. Umri huo mara nyingi ni gegedu limelika, ule utando laini unaozuia mifupa kusagana. Beseni liwekwe juu ya meza afue amekaa. Na akiwa kwenye kiti anyooshe mguu, ahesabu mpaka 5, ashushe polepole, mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni, paja likipata nguvu goti linapumzika. Msitegemee wiki moja, mpeni miezi miwili hivi, na mumhesabie nyinyi wenyewe mkiwa naye.

*Nimelala mzima, usiku goti jekundu, hata shuka likigusa nalia. Juzi tulikuwa na nyama choma na bia.*

Inafanana na gauti kaka, ugonjwa wa viungo unaoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini, ingawa wengi huanzia kidole gumba cha mguu. Barafu, maji mengi, bia acha, kapime damu. Ila ukiwa na homa usisubiri, inaweza kuwa usaha umeingia kwenye kiungo.

*Mwanangu wa miaka 4 goti limevimba, hajaanguka, anachemka na hataki kukanyaga. Nimpake nini?*

Usipake chochote dada, usimchanje chale, mbebe hospitali sasa hivi. Kama kwenye ukoo kuna selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi), mwambie daktari mapema kabisa mkifika mapokezi. Usingoje asubuhi.