Malaria hakuna, homa haishuki
Swali: Shikamoo dokta, mi nalima mpunga, homa siku ya tatu, kipimo cha malaria hakuna kitu ila misuli ya miguu inauma balaa na macho mekundu, shida nini?

Jibu: Marahaba. Hapo nawaza homa ya mgunda (leptospirosis), ile iliyozuka Ruangwa, Lindi, 2022, watu 20 waliugua 3 wakafa. Mdudu wake anatoka kwenye mkojo wa panya au hata ng'ombe, anakaa majini anaingilia kwenye michubuko, na wewe najua unaingia jarubani peku! Nenda hospitali leo, waambie unalima mpunga maana wengi wanaishia kupewa dawa ya malaria tu, wakati antibayotiki ikiwahi inasaidia. Mkojo ukianza kupungua, figo hizo, kimbia hata usiku.