Aliyelipa nauli si lazima awe ndugu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ukaguzi na ulinzi kwenye stendi zetu, kuanzia Tunduma hadi Ipogolo, namna ya kumnasa aliyepanda bila nauli mtaijua ndani ya wiki. Namna ya kumwachia, mimi niliijua kwa kukosea.

Ilikuwa Julai, baridi ya nyanda zetu mnaijua. Konda alituletea binti asiyezidi miaka 14 kwa kumtazama, hana tiketi, mkononi ana kimfuko chenye kanga na viatu vya shule. Tukamkalisha ofisini. Baadaye akaja mama mmoja nadhifu, akasema ni shangazi yake, akalipa nauli yote na ya chai juu. Binti hakumwamkia. Hilo niliona, nikaendelea kuhesabu noti. Kesho yake asubuhi akaja baba mtu kutoka kijijini, kofia mkononi, anauliza. Sikuwa na la kumpa zaidi ya kumwonyesha barabara ya Dar es Salaam.

Mabinti wa Iringa na Njombe huchukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani mijini, wengine kwa ahadi ya kusomeshwa. Nani huku hajui? Basi mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18 kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, msimkabidhi kwa sababu tu deni limelipwa. Muulizeni akiwa peke yake: huyu ni nani wako, babu yako anaitwa nani, jana mlilala wapi? Kisha muulizeni mkubwa maswali yaleyale. Majibu yakipishana, pigeni 116, simu ya mtoto, haina malipo, au mpelekeni polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Jina na namba ya anayemchukua viingie daftarini. Shangazi wa kweli hununa kidogo, kisha huandika. Wa kubuni hukumbuka ghafla kuwa basi linaondoka.

Halafu, sisi si polisi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu kwa baadhi ya makosa, lakini inamtaka amfikishe polisi bila kuchelewa. Polisi wenyewe wana muda wa msingi wa saa 4 tu wa kumhoji mtuhumiwa. Sasa wewe unayemfungia bibi wa watu stoo tangu alfajiri hadi jioni, eti ashike adabu, unajitafutia kesi kwa nauli ya kutoka Uyole.

Anayeyumba si lazima awe amekunywa. Mwenye kisukari, sukari ikishuka, hutetemeka, hutoka jasho na kuongea ovyo. Kama anaweza kumeza, mpe soda ya kawaida au chai yenye sukari nyingi, kisha hospitali. Amezimia? Usimtie kitu mdomoni, kimbiza. Asiyejibu makelele yako huenda ni kiziwi, chukua kalamu. Kumpekua mwanamke ni kazi ya mwanamke mwenzake, hapo hapana mjadala.

Na wekeni blanketi ofisini. Bosi akiuliza hela hiyo ya nini, mkaribisheni akae saa moja kwenye lile benchi la saruji, Julai, alfajiri.