Kwa mnaoanza kupima mimea ya kinamasi cha Dunga

Wengi wenu mtafika Dunga, hapa Kisumu kando ya Ziwa Victoria, na jibu tayari kichwani: kilimo kinapunguza aina za mimea. Nami nilifika nalo. Siku ya kwanza niliweka fremu ya kuhesabia mimea, ya mita 1 mraba, katikati ya mafunjo, ambayo Waluo huyaita togo. Aina nilizopata zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja: mafunjo yenyewe, kangaga, na mmea mtambaa wa jamii ya Ipomoea. Kisha nikahamia kwenye shamba la nduma lililofyekwa humo humo kinamasini. Daftari likajaa: kishonanguo, ndago, gugu la Ageratum, mchicha uliojiotea. Nikarudi nyumbani nikiamini kwamba kilimo kimeongeza uanuwai, yaani wingi wa aina.

Hesabu ilikuwa sawa, ila nilikosea maana yake. Kwa asili, kinamasi cha mafunjo hakina aina nyingi, kwa sababu mafunjo hurefuka na kufunika kila kitu chini yake. Ukiyaondoa, mwanga unaingia na magugu yanakimbilia. Lakini kishonanguo utakiona kando ya kila barabara ya mji huu. Yule kangaga anataka maji na kivuli cha mafunjo, na mjini hana pa kuhamia. Kwa hiyo usiishie kwenye idadi. Gawa orodha yako: mimea ya majini, ya nchi kavu, magugu ya shambani, na wageni kama gugumaji. Andika pia kila aina inafunika sehemu gani ya fremu.

Pili, beba ufito wenye alama za sentimita, upime kina cha maji kwenye kila fremu. Nasisitiza hili kuliko yote. Kukata tu hakuyaui mafunjo. Wasuka mikeka huyakata miaka nenda miaka rudi, na mashina yaliyolala matopeni huchipua tena. Balaa huanza mkulima anapochimba mtaro na kushika jembe: maji yanashuka, mashina yale yanang'olewa au yanakauka. Chota udongo mkononi. Ndani ya mafunjo ni mboji nyeusi iliyofumwa na mizizi, inachuruzika maji; kando ya mtaro wa zamani umekauka na kupasuka.

Maji machafu ya mji nayo yanaleta virutubisho, sawa na mbolea. Ukilinganisha shamba na mafunjo, chagua sehemu zinazopokea maji ya aina moja, la sivyo utamtwika mkulima mzigo usio wake.

Kuweka alama mahali pa fremu kwa vijiti pekee hakutoshi, pima na GPS. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifurika kuvuka kiwango cha 1964, na ukingo wote ukabadilika.

Na usiingie shambani kwa mtu kama askari. Salimia, omba ruhusa, uliza shamba lilianza lini. Mama mmoja nilimwambia kwamba shambani kwake mafunjo yamekwisha. Akainama, akafukua kwa vidole kati ya nduma mbili, akanionyesha chipukizi lenye ncha kali. "Togo hiyo, mwanangu. Naipalilia kila mara, na kila mara inarudi." Fremu yangu ilikuwa hatua mbili kutoka hapo.