Kivuli kwenye grafu za inikwaliti: mfano wa fundi wa meza na stuli

Mkuu, umeuliza kwa nini mdogo wako wa kidato cha nne anachora vizuri mistari yote ya inikwaliti (hesabu zenye alama za kubwa kuliko au ndogo kuliko) halafu maksi zinapotelea kwenye kivuli. Nimefundisha tuisheni ya hesabu miaka kadhaa, na wengi niliowakuta na tatizo hilo walikuwa wamekaririshwa: "kubwa kuliko, kivuli juu; ndogo kuliko, kivuli chini." Nami nilikaririshwa hivyohivyo, ikaniangusha kwenye mtihani wa majaribio.

Mpe 2x − y > 3. Akiona alama ya kubwa kuliko atakimbilia juu. Sasa aingize (0,0): je, 0 ni kubwa kuliko 3? Hapana. Na (0,0) iko juu ya mstari huo, kwa hiyo upande unaotakiwa ni wa chini. Ile alama ya kutoa mbele ya y ndiyo imegeuza mambo. Ajaribu nukta kila mara, hata pale anapodhani anajua.

La pili, apake kivuli upande unaokataliwa, labda swali liseme vinginevyo. Vivuli vitatu vikipandana huoni kitu, lakini ukifuta kila usichotaka, sehemu inayobaki nyeupe ndiyo jibu lako.

Mfano ninaoupenda ni wa seremala. Stuli moja inakula ubao 1 na saa 2, meza inakula mbao 3 na saa 3. Ana mbao 24 na saa 30. Stuli zikiwa x na meza y:

x + 3y ≤ 24
2x + 3y ≤ 30
x ≥ 0, y ≥ 0

Mstari wa mbao unapita (24,0) na (0,8), wa saa unapita (15,0) na (0,10), na inakutana (6,6). Faida ya stuli ni shilingi 5,000, ya meza 9,000. Pima kila pembe ya sehemu nyeupe: (15,0) inatoa 75,000, (0,8) inatoa 72,000, (6,6) inatoa 84,000. Basi atengeneze stuli sita na meza sita. (Hesabu za aina hii zina undugu wa kweli na mbao: mwanahisabati Leonid Kantorovich aliandika kuzihusu mwaka 1939 kule Leningrad, Urusi, baada ya kuletewa tatizo la kupanga kazi za mashine za plaiwudi.)

Sasa ongeza sharti: meza zisizidi stuli, yaani y ≤ x. Hapa wengi hukwama, kwa sababu mstari wenyewe unapita (0,0), na nukta iliyo kwenye mstari wenyewe haiwezi kukuambia upande. Achukue nyingine, mfano (5,0): 0 ≤ 5, kweli, upande wa chini unabaki. Nukta ya (6,6) iko kwenye mstari huo wenyewe, na kwa kuwa alama ina "au sawa", mstari unachorwa mzima na nukta inahesabika. Faida bado ni 84,000.

Ila swali likisema meza ziwe chache kuliko stuli, y < x, mstari unakuwa wa vipandevipande na (6,6) inatoka. Hapo pembe haisaidii tena, maana hakuna nusu stuli. Atafute nukta za namba nzima zilizo ndani: stuli 7 na meza 5 zinatoa 80,000, stuli 9 na meza 4 zinatoa 81,000, na hakuna inayozidi hiyo. Kwa hiyo alama akiisoma vibaya, atampangia fundi kazi ambayo masharti hayairuhusu, na kwenye karatasi atakuwa ameandika faida iliyozidi kwa shilingi 3,000. Mpe swali hilihili alichore mara mbili, kwanza na ≤ kisha na <, halafu akuonyeshe mwenyewe (6,6) imekwenda wapi.