Kansa ya ulimi kwa kijana, mimi ilinipata nikiwa na miaka 33

Mkuu pole sana na mdogo wako. Umeuliza kama miaka yake 29 itamsaidia au ndo itammaliza, maana umesikia kansa ya vijana inakuwa kali. Mimi ilinipata na 33, sivuti, pombe sigusi, na huu ni mwaka wa sita, kwahiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

Hilo la umri nami nililiuliza siku ya kwanza kabisa. Daktari akaniambia tafiti zinapishana, zipo zilizoona kwa vijana inawahi kurudi, ila nyingi zikimlinganisha kijana na mtu mzima wenye stage (hatua ya ugonjwa) ileile, tofauti siyo kubwa. Kinachotuponza vijana ni kuchelewa, nani anamuwazia kansa mtu wa miaka 30? Kidonda changu kilikaa pembeni ya ulimi miezi minne, daktari wa meno wa kwanza akasema najing'ata, akalisaga jino lililochongoka, akanipa jeli, nikaenda zangu. Nikipitisha kidole nasikia pagumu kama kuna kakokoto kamefukiwa humo ndani na bado sikushtuka, kwasababu hakikuwa kinauma kivile. Kidonda cha mdomoni kikipita wiki 3 hakijafunga kinakatwa kinyama kinapimwa, habari za jeli ziishe hapo.

Sasa nenda kaombe karatasi ya majibu ya patholojia (maabara wanakopima nyama iliyokatwa), ile ya baada ya oparesheni. Yangu iliandika upana sentimita 1.8, nikafurahi, kadogo hako! Daktari akaweka kalamu mstari wa chini yake: kina, yaani ilivyozama ndani, milimita 7. Akasema upana niachane nao kwanza, hii ya ulimi inazama, na kina kikishavuka milimita 5 hata kama kwa juu ni kadogo haihesabiki tena kuwa ya hatua ya kwanza, na uwezekano wa kuingia kwenye tezi za shingo unapanda. Humohumo angalia kama kingo walizokata ni safi (wanapenda ibaki angalau milimita 5 ya nyama nzima) na kama kansa imefuata neva (mishipa ya fahamu). Yangu ilikuwa imefuata.

Halafu tezi, hapa ndo pazito kuliko pote. Shingo yangu ukiigusa haina kitu, picha ya CT nayo safi, nikataka kugoma wasinichane shingo bure. Yule daktari akanitajia utafiti mkubwa wa India wa 2015, wagonjwa wa hatua za mwanzo kama mimi: waliotolewa tezi palepale na oparesheni ya mdomo, baada ya miaka 3 waliokuwa hai ni 80%, waliosubirishwa mpaka uvimbe utokee 67.5%. Nikasaini. Walitoa tezi 31, moja ikakutwa na kansa, imejificha. Bahati ilikuwa haijapasua ganda la tezi, ikipasua mambo yanabadilika, hapo unaongezewa na kemo (dawa za kuua kansa) juu ya mionzi.

Mionzi nilipiga mara 30, wiki 6, na walihimiza nianze ndani ya wiki 6 tangu oparesheni, nikiomba nipumzike kwanza wanakataa. Meno mabovu yang'olewe KABLA ya mionzi, mie yalitoka mawili, maana ukija kung'oa baadaye taya linaweza lisipone. Kama anavuta aache leo, mionzi haifanyi kazi vizuri kwa anayevuta. Uzito nao msiuchezee, wiki ya nne nilikuwa nameza maji kama nameza wembe, nikawekewa mpira wa kulishia puani na nashukuru sikubishana nao.

HPV uliyoitaja (kirusi kinachoambukizwa zaidi kwa ngono) inahusika zaidi na mzizi wa ulimi kule nyuma kooni, hii ya ulimi wa mbele mara nyingi siyo yenyewe, kwahiyo familia msianze kumhoji mambo ya mahusiano.

Ikirudi, mara nyingi inarudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo, kliniki za kipindi hicho asiruke hata moja hata akijisikia mzima. Mimi herufi R ilipotea karibu mwaka mzima, nilikuwa naagiza "bilauli" kila mtu anacheka, saivi inatoka ila nikichoka inakwama. Ukiipata hiyo karatasi andika hapa kina na idadi ya tezi, jina lake lifiche.