Uliza kabla dripu ya kwanza haijatundikwa

Nilikuwa na miaka 28 nilipoambiwa kuwa uvimbe kwenye korodani yangu ni saratani. Daktari alinieleza habari za upasuaji, dawa, kichefuchefu na nywele kunyonyoka. Watoto hawakutajwa. Aliyeuliza ni dada yangu, tukiwa tumeshasimama kuondoka: "Na uzazi wake je, daktari?" Bila swali lile nisingekuwa na la kuandika leo.

Tibakemikali, yaani dawa za saratani, hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, na za korodani ni miongoni mwao. Wapo ambao mbegu zao za kiume hurudi baada ya miezi au miaka, na wapo ambao hazirudi tena. Kwa hiyo hifadhi mbegu zako kwa kugandishwa kituoni kabla ya dozi ya kwanza. Matibabu yakishaanza, hata mbegu zinazotoka zinaweza kuwa na kasoro katika vinasaba.

Kinachowakwamisha wengi ni aibu. Unapewa kikopo safi na chumba chenye komeo, unajichua. Siku ya kwanza nilishindwa kabisa, mawazo yote yalikuwa kwenye ugonjwa. Mhudumu akaniambia kwa upole nirudi kesho yake. Ukishindwa, sema. Kuna vituo vinavyokubali uje na mwenzi wako, au ulete sampuli kutoka nyumbani ndani ya saa moja, ukiwa umeiweka karibu na mwili isipoe. Usitumie mate wala mafuta ya kulainisha, hudhoofisha mbegu.

Inashauriwa ukae siku 2 hadi 5 bila kumwaga. Lakini kama matibabu hayawezi kusubiri, toa unachoweza. Mimi nilitoa sampuli tatu ndani ya siku sita. Walinipima pia damu: virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende. Kisha manii huchanganywa na kimiminika chenye kinga kama gliseroli, ambayo tangu 1949 inajulikana kuzikinga mbegu zisiharibiwe na barafu, na kuwekwa katika vimirija ndani ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo mbegu hazizeeki. Mimba za kwanza zilizotokana na mbegu zilizogandishwa ziliripotiwa mwaka 1953, Marekani.

Zikiyeyushwa, sehemu kubwa hufa. Ndiyo sababu ya kutoa zaidi ya mara moja. Majibu yangu yalionyesha mbegu chache, nikakata tamaa, hadi mtaalamu wa maabara aliponieleza kuwa siku hizi mbegu moja hai inaweza kudungwa ndani ya yai kwa sindano nyembamba mno. Basi usikubali mtu akuambie zako hazifai kuhifadhiwa kwa kuwa ni chache.

Fomu ndiyo iliyonitoa machozi. Iliuliza: ukifariki, mbegu zifanyweje? Mchumba wangu alikuwa pembeni. Tulinyamaza muda mrefu, kisha tukajadiliana, na nikajaza tulichokubaliana. Usiijaze haraka haraka. Na ukihama au kubadilisha namba ya simu, wajulishe, maana ada ya mwaka isipolipwa na wakakukosa, vimirija vinaweza kutupwa.

Kwa mzazi mwenye kijana aliyebalehe anayeingia kwenye matibabu kama haya: muulizie wewe. Kijana wa miaka 15 hatalitamka mbele ya daktari, na mara nyingi anaweza kutoa sampuli.

Nilipimwa mwaka mmoja baada ya dawa, kisha wa pili. Sikuwa na mbegu hata moja. Binti yetu, aliyetokana na sampuli ya tatu, sasa ana miaka minne. Bado tuna vimirija viwili, na bili ya mwaka huu imefika juzi. Mama yake amesema tuilipe.